Nilivyomsomea Baba Mkwe Tamthilia ya Majasusi

Niseme ukweli kwanza, maana huko mbele nitausema kwa shida: sehemu ya kwanza ya ile tamthilia haikunipendeza hata kidogo. Mtu mmoja aliyevaa koti la kijivu anashuka kwenye treni katika mji wenye theluji. Anatembea karibu dakika tano bila kusema neno, kisha anaketi kwenye benchi kando ya mwanamke asiyemjua. Yeye ana begi jeusi, mwanamke ana jekundu. Baada ya muda anainuka na jekundu, anaacha jeusi, anaenda zake. Polisi wamesimama pale pale na hawaoni kitu. Nikajiambia hata mbuzi wangu angeona. Nilikuwa na maharagwe jikoni na madaftari ya darasa la tano yakinisubiri mezani, na bado nimekaa nyuma ya pazia nikimtazama mtu mzima akitembea kwenye theluji.

Nyuma ya pazia, ndiyo. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawaketi pamoja. Hawashikani mikono, hawatazamani machoni, na wakikutana kwenye kijia mmoja hupisha majanini na kuinamisha kichwa mpaka mwenzake apite. Chai yake naiweka kwenye stuli, nakohoa ili ajue imefika, naondoka. Wenzangu shuleni waliotoka mbali hunicheka, nami huwaambia waendelee kucheka. Miaka kumi na minne nimeishi katika boma moja na baba wa mume wangu, upande wa Bukura, na hatujawahi kurushiana neno baya. Nyumba ngapi zinaweza kusema hivyo?

Mama mkwe alikwisha kutangulia. Mume wangu anafanya kazi Nakuru na huja mwisho wa mwezi, watoto wako shule za bweni. Kwa hiyo siku nyingi boma lilikuwa la watu wawili wasiotazamana: mzee katika nyumba yake ya juu, mimi katika yangu ya chini. Runinga ilikuwa kwangu. Jumapili baada ya kanisa alikuwa anashuka, anapiga hodi, anaketi kwenye kiti chake karibu na mlango, na mimi najiondokea kupitia pazia linalotenga sebule na ujia wa jikoni.

Ile tamthilia alisikia ikitangazwa redioni. Alikuwa mpenzi wa habari za ujanja ujanja. Ujana wake wote aliumaliza kwenye mizani ya miwa kiwandani, na aliwajua watu waliomwagia mzigo maji ili uzidi uzito, na wale waliofukia mawe katikati ya miwa. Alisema jasusi na karani wa mizani ni kazi moja, wote wanalipwa kutoamini watu. Saa kumi Jumapili ilipofika, akaketi. Watu wa kwenye runinga walipoanza hatimaye kusema, walisema lugha ambayo hakuna aliyeijua Kakamega nzima, na maandishi ya Kiingereza yakawa yanapita chini.

"Mwalimu," akaita, bila kugeuka. Hajawahi kunitaja jina. "Uko hapo nyuma?"

"Niko, baba."

"Hayo maandishi yanakimbianga sana. Nisomee."

Katika miaka kumi na minne lile lilikuwa jambo la kwanza kuniomba mimi mwenyewe, si kupitia mume wangu wala mtoto. Nilizima moto wa maharagwe. Nikasogeza kigoda, nikaacha upenyo wa pazia wa kutosha jicho moja kuiona runinga, nikaanza kumsomea kwa Kiswahili, kwa sababu Kiluhya changu ni cha kule Lumakanda nilikozaliwa, mchanganyiko wa makabila yote, na kikimfikia masikioni humchekesha hata pale panapouawa mtu.

Tukafika kwenye benchi na yale mabegi. Hapo hapakuwa na maneno, nikanyamaza.

"Begi ya langi gani imebaki?" akauliza.

Nikamjibu, "Nyeusi, baba."

Nikadhani amepitiwa kidogo. Lakini jibu lilipokwisha kunitoka, swali lenyewe likaanza kunisumbua. Begi lile jeusi lilikuwa limejaa runinga nzima. Na huyu ndiye mzee ambaye watu wa hapa bado wanasimulia jinsi alivyokuwa akisoma namba ya trekta likiwa bado kwenye kona, kabla dereva mwenyewe hajamwona.

Sikusema kitu. Siku ile ningeweza kujitetea. Swali moja la rangi si ugonjwa.

Jumapili ya pili na ya tatu, lazima nikiri, tamthilia ilianza kunoga. Ilidhihirika kwamba katika ile ofisi ya majasusi mmoja wao alikuwa anauza siri kwa adui, na kila mtu alimshuku mwenzake. Bado nilikuwa na malalamiko yangu. Watu wale hawali. Wanapika kahawa tu na kuiacha ipoe. Simu zao haziishi chaji. Halafu wana tabia ya kubusiana bila taarifa, na hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze, maana nimekaa hatua nne kutoka kwa baba mkwe na kazi yangu ni kueleza kinachoendelea.

"Sasa wanafanya nini?" akauliza, kukiwa kimya.

"Wanazungumzia kazi, baba."

"Kazi gani hiyo haina maneno?"

"Wanawaza kwanza."

Akacheka. Alicheka mpaka kiti kikalia, nami nikajificha uso kwa leso nikicheka pia, na nilikuwa na furaha. Naandika neno hilo kwa makusudi. Nilikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza.

Jumapili ya nne, jua la alasiri lilikuwa likiipiga runinga usoni, kwa hiyo kabla mzee hajaja nikaihamisha kutoka kona ya dirishani hadi ukuta wa pili. Spika kubwa niliiacha kule kule dirishani, waya wake ni mrefu. Sikumwambia. Kwa nini nimwambie? Mtu akiingia chumbani anaona runinga iko wapi.

Akaingia, akapapasa kiti kwa mkono, akaketi. Muziki wa mwanzo ukapiga. Mimi nikaanza kusoma, na katikati ya sentensi upenyo wa pazia ukanionyesha kile ambacho mke wa mwana hatakiwi kukitazama: uso wa baba mkwe. Alikuwa ameugeuza kwenye spika. Runinga ilikuwa kulia kwake, majasusi wanafukuzana, na yeye alikuwa anatabasamu akiangalia kalenda ya kanisa iliyoning'inia juu ya ile spika. Akatikisa kichwa, kama mtu anayekubaliana na jambo aliloliona.

Nikanyamaza.

"Endelea, Mwalimu," akasema, uso bado kwenye kalenda.

Nikaendelea.

Hapa ndipo penye shida ya kusema. Ningeweza kumpigia mume wangu jioni ile. Kliniki ya macho iko Kakamega mjini, si safari ya kufunga mizigo. Nilijipa sababu, na nilizipanga vizuri kama ninavyopanga somo ubaoni. Ya kwanza ilikuwa adabu: nikisema mzee haoni, nitaulizwa nimejuaje, na itanibidi niseme nilimchungulia usoni. Nani anataka kuwa mke aliyemchungulia baba mkwe? Sababu hiyo ilikuwa nzuri, na watu wa hapa wote wangenielewa. Ndiyo maana niliishika kwa mikono miwili.

Iliyokuwa nyuma yake haikuwa na sura nzuri hivyo. Mume wangu ana dada Nairobi, na kwa miaka miwili huyo dada amekuwa akisema baba aende akakae kwake. Nilijua neno moja tu lingetosha. Mzee angepakiwa na sanduku lake, na Jumapili saa kumi ningebaki mimi na maharagwe. Nilikuwa nimezoea kuitwa. Nilikuwa nimezoea kucheka. Nilitaka kujua msaliti ni nani, na nilitaka kumjua nikiwa naye. Nikamwacha mzee gizani ili nipate mtu wa kutazama naye runinga. Sijapata njia nyingine ya kulisema jambo hili likawa dogo.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema kitu juu ya anayeficha maradhi ya mwenzake.

Tangu siku ile nikaanza kumsomea na picha. Sikungoja aulize. "Ameingia chumbani, baba, amefunga mlango kwa kisigino." "Mwanamke ana kovu dogo shavuni, analificha kwa nywele." Nikawa hodari. Nilijiona mwema pia, hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Nilikuwa nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa na kujisifu jinsi anavyong'aa. Naye hakuwahi kuuliza kwa nini ghafla namweleza mambo ambayo mtu mwenye macho anayaona mwenyewe.

Mume wangu alikuja mwisho wa mwezi. Mzee alimpokea akiwa ameketi, akamsikiliza, akamtania kuhusu tumbo lake. Nyumba yake aliijua kwa miguu. Alitembea ndani yake vizuri kuliko mimi. Mume wangu akaniambia, "Baba ameshikilia," nami nikasema, "Tunashukuru." Mwezi uliofuata ikawa hivyo hivyo.

Sehemu ya sita, mzee alimkamata msaliti. Kabla ya majasusi, kabla yangu mimi niliyekuwa na macho mawili mazima.

"Ni yule mnene anayekohoanga kabla ya kusema," akaniambia.

"Huyo ni mkubwa wao, baba. Ndiye mwema."

"Mtu akikohoa kabla ya kuingia, kuna kitu anafichanga." Akacheka kidogo. "Isipokuwa wewe. Wewe unaletanga chai."

Nilicheka, lakini nilicheka kwa kuchelewa. Wiki nzima nilipoweka chai yake kwenye stuli sikukohoa. Nilikwaruza stuli sakafuni.

Ilikuwa Jumapili ya tisa. Kwa kawaida mzee alipenda kujimiminia chai yake kutoka kwenye chupa. Niliiweka, nikarudi nyuma ya pazia, na kabla sijafika kwenye kigoda nikasikia kikombe kikianguka na sauti ya mzee, fupi, kama mtu aliyeitwa. Nikatoka. Nilitoka kabisa, nikasimama mbele yake. Alikuwa amemimina chai yote juu ya mkono wake wa kushoto, kikombe kiko hatua moja pembeni. Nikachukua jagi la maji baridi. Na hata hapo, Mungu anisamehe, sikumshika. Nilimmwagia maji mkononi kwa mbali, namna unavyomnawisha mgeni, na yeye akaunyoosha mkono huo mahali ambapo hapakuwa na maji. Ikanibidi niyafuate mimi.

"Nimepotea tu," akasema.

"Ndiyo, baba."

Nikampigia mume wangu simu. Nikamwambia baba amejichoma kwa chai. Sikuongeza neno.

Kesho yake akafika, akampeleka kliniki. Daktari alimulika, akapima, akawaambia ni presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekufa zamani, pengine kabla ya yote haya. La kushoto ndilo lililokuwa likimtembeza, nalo lilikuwa limebaki na mwanga kidogo sana. Mume wangu aliniletea maneno ya daktari kama alivyoyasikia, ameketi jikoni na viatu bado mguuni: miezi miwili mitatu nyuma, labda wangeokoa zaidi. Sasa kuna dawa ya matone ya kuzuia hicho kidogo kisiende. Kilichoenda hakirudi.

Miezi miwili mitatu. Sikuhitaji kutafuta kalenda. Nilikuwa na Jumapili zangu.

"Na wewe hukuona kitu?" akaniuliza. Hakuuliza kwa hasira. "Wewe ndiye umekuwa naye."

Nikasema, "Mimi ningemtazamaje baba yako usoni?"

Akainamisha kichwa. Akaniomba radhi kwa kuniuliza! Akasema nimeiheshimu nyumba yao kuliko wanavyostahili, na kwamba kosa ni lake yeye mwana, aliyekuja mara mbili akatania na kuondoka. Nilimwona akilia mbele ya sinia la sukuma wiki, nami nikaendelea kukata sukuma. Nilikuwa nimeuchukua mwiko wa wakwe, kitu ambacho bibi zetu walikiweka ili watu wawe na amani, nikajifunika nacho kama blanketi. Nimewahi kumwadhibu mtoto wa darasa la tano kwa uongo mdogo kuliko huo.

Nairobi mzee hakwenda. Alikataa katakata, akasema hawezi kwenda kujifunza kuta mpya. Dawa anajitia mwenyewe, maana mimi siwezi kumshika uso. Analala chali kwenye kochi lake, anashika kichupa juu, nami nasimama mlangoni namwelekeza. "Kulia kidogo, baba. Umepita. Rudi. Hapo." Tone linaanguka. Mengine yanaishia shavuni, na hapo tunaanza upya.

Sehemu ya kumi ilitupita tukiwa katika shughuli za hospitali. Msaliti alikuwa yule mnene, nilisikia shuleni. Nilipomwambia mzee, alisema tu, "Si nilikuambia." Kisha kituo kile cha runinga kikaanza kuirudia tamthilia tangu mwanzo, Jumapili hiyo hiyo, saa ile ile. Nikajua atakuja. Alikuja na fimbo, akiongozwa na kamba niliyoifunga kutoka mlango wake hadi wangu, akaketi. Runinga nilikuwa nimeirudisha kona ya dirishani, jua lipige lisipige. Nikaingia nyuma ya pazia.

Yalikuwa matangazo bado.

"Mwalimu."

"Naam, baba."

"Ile siku ulihamisha tivi, ulinyamaza katikati."

Nikaiweka leso magotini.

"Nikajua umeniona," akasema. Uso wake ulikuwa mbele, kwenye runinga safari hii. "Nikasema, sawa, sasa atamwambia kijana. Nikangoja. Kila Jumapili nilikuwa nangojanga."

"Kwa nini hukusema mwenyewe, baba?"

"Mimi?" Akafikiri. "Mimi nilikuwa nasomanga namba ya tlekta ikiwa kwa kona. Nitasema namna gani?"

Nikamwambia nilijua. Nikamwambia nilijua tangu ile siku, na pengine tangu begi, na kwamba sikunyamaza kwa adabu, nilinyamaza kwa sababu nilipenda anavyoniita. Nilisema yote hayo kwa pazia la maua, kwa sababu hata kuungama kwetu kuna mpaka. Nikamwomba anisamehe. Sikumwona usoni. Nilisikia tu kiti kikilia kidogo, kama alikuwa anageuka kisha akaacha.

"Muziki umeanza," akasema. "Soma."

Nikafuta macho, nikaweka jicho kwenye upenyo. Ule mji wa baridi ukatokea, weupe mtupu. Nikaamua kwamba safari hii nitamsomea kila kitu, hata hizo dakika tano za kutembea.

"Treni imesimama, baba. Kuna theluji kila mahali. Mlango umefunguka, mtu mmoja anashuka. Ni mrefu, amevaa koti la..."

"Hapo nyamaza kidogo, Mwalimu," akasema. "Hiyo koti mimi niliona ile mara ya kwanza."

Nikanyamaza mpaka koti likapita.